Afande na Farasi Asiye na Breki

Afande alikuwa na sauti mbili, na ile ya watu ndiyo iliyokuwa mbaya. Akiwa bado ng'ambo ya barabara kuu, anasubiri malori yapite, mimi ndani ya duka langu pale Nyololo nilikuwa nimeshajua kwamba amekuja, ana haraka, na kuna mtu kamuudhi njiani. "Fundi! Upo, au umerudi kwenu pwani kula nazi?" Nipo, Afande, niende wapi. Huko pwani penyewe sijawahi kuishi hata wiki. Aliyetoka huko ni babu yangu, akaja Iringa mjini kushona mikoba na mishipi ya ngozi, akamfundisha baba, na baba alipoona wanawe wa kiume wote wanataka kuwa madereva akanifundisha mimi. Lakini kwa Afande kila anayefunga Ramadhani alikuwa mtu wa pwani, na kila mtu wa pwani alikuwa halali yake kumtania.

Sauti ya pili aliiweka kwa ajili ya farasi tu. Ilikuwa ya chini, nusu maneno nusu pumzi, na ukimsikia akiitumia ungedhani ni mtu mwingine kabisa, mpole, labda muuguzi wa wodi ya watoto. Siku moja nilimwuliza kwa nini sisi binadamu tusipewe hiyo. Akanitazama kama nimemwomba figo. "Nyinyi mnajua Kiswahili," akasema. "Yeye hajui."

Cheo kilimfuata kutoka kazini. Ujanani alikuwa askari wa farasi Dar es Salaam. Alipostaafu akarudi kwao Kilolo kulima viazi, akagundua kwamba viazi vinamchosha roho. "Kiazi ukikiamkia asubuhi hakikujibu kitu," alikuwa akisema. Basi shamba moja la chai huku kwetu, lenye nyumba ya wageni na zizi la farasi wa kuwatembeza hao wageni, lilipotafuta mtu wa kuwaangalia farasi, aliacha viazi na mkewe hukohuko, akaja. Tangu hapo tukajuana, miaka sasa, maana matandiko yanachanika, hatamu zinakatika, na kati ya Mafinga na Makambako hakuna fundi mwingine aliyekubali kushona vitu ambavyo hajui vinakaa wapi kwenye mnyama.

Mengi nayakumbuka juu yake, na mengine ya kuchekesha. Lakini linalonijia kwanza kila nikimfikiria ni mwaka ule alipopigania uhai wa farasi mmoja mkubwa, ambaye wafanyakazi wa shamba walimwita Lori.

Afande mwenyewe jina hilo hakulitaka. Alisema ukimwita mnyama Lori utakaa ukingoja akugonge. Yeye alimwita Ndugu. Alikuwa farasi wa rangi ya kahawia iliyoiva, kifua kama mlango wa godauni, na akisimama karibu na Fuso ya mbao dereva na farasi walikuwa wanatazamana macho kwa macho. Mimi nilimwogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Aliharibiwa kwa mapenzi. Hilo ndilo lililomuuma Afande kuliko yote, kwamba hakukuwa na mtu mbaya wa kumkamata shati. Msimu mmoja Afande alikuwa Kilolo anauguza nyonga, na pale shambani wakazoea desturi mpya. Wageni wakirudi kutoka matembezini, wakifika kwenye ile njia iliyonyooka kati ya mikaratusi inayoelekea zizini, waongozaji waliwaachia farasi wakimbie. Wageni walifurahi mno, upepo masikioni, simu mkononi. Na kwa kuwa sisi watu wa hapa hatujui kumpokea mgeni kimyakimya, wanawake wa jikoni walitoka na vigelegele, na mwingine akawa na beseni la mahindi kwa ajili ya farasi, kuwapa pole ya safari. Kila siku hivyo. Farasi wadogo hawakuharibika sana. Huyu mkubwa alielewa somo lote mpaka mwisho: ukigeuzwa uso kuelekea nyumbani, kimbia uwezavyo, mbele kuna mahindi na watu wa kukushangilia.

Afande aliporudi alimkuta farasi ambaye kwenda anakwenda vizuri kabisa, lakini mkigeuka kurudi, hana breki. Na kabla hajafanya lolote, mgeni mmoja alirushwa pale kwenye mikaratusi, akavunjika mfupa wa bega.

Meneja wa shamba hakuwa mtu katili. Nasema hivyo kwa sababu watu wa Nyololo walimsema sana. Alikuwa na wageni wa kulinda, na farasi wa namna ile hakuna wa kumnunua. Hata ukimtoa bure unampa mtu mwingine msiba. Akamwambia Afande waziwazi: mvua zikiisha, kama kuna mtu mwingine yeyote anayeweza kwenda naye Nyololo na kurudi naye kwa utulivu, farasi atabaki. Kama ni Afande peke yake anayemuweza, daktari wa mifugo ataitwa, na atakuja na bunduki.

"Lakini mimi namuweza leo hii," Afande alimjibu.

"Najua," Meneja akasema. "Na wewe ukiugua tena ile nyonga?"

Hapo akaja dukani kwangu kunifokea mimi.

Namna yake ya kufanya kazi niliielewa kwa sababu ya mkanda. Meneja alikuwa amenitumia lijamu mpya ya kumtia farasi mdomoni niishonee ngozi, yenye chuma kirefu na kamnyororo ka kubana kidevu, maana mtu alimwambia farasi mkubwa anataka chuma kikubwa. Afande alikiona juu ya meza yangu. Nikajua sasa nitasikia ile sauti mbaya. Badala yake akachukua mkanda mrefu wa ngozi, akanipa ncha moja.

"Shika."

Nikashika. Akaanza kuuvuta taratibu. Na mimi nikavuta. Akaongeza. Nikakaza miguu.

"Nani kakwambia uvute?" akauliza.

Hakuna aliyeniambia. Mkono ulivuta wenyewe.

"Basi na yeye hivyohivyo. Ukimvuta anavuta, na yeye ana shingo, wewe una nini? Kiwiko?" Kisha akaivuta ile ncha kidogo tu, akaachia, akavuta tena, akaachia, na mimi nikajikuta nimelegea sina cha kushindana nacho. "Omba. Ukipata, achia palepale. Ukichelewa kuachia, umemdhulumu. Hiyo chuma mshonee Meneja tu, kazi ni kazi. Mi siitumii."

Omba, pata, achia. Maneno hayo aliyasema mpaka wauza viazi wa pale stendi wakaanza kuyatumia kwenye kupunguziana bei. Na lile jingine alilowaambia waongozaji wakipandwa na hasira juu ya tandiko: "Hiyo hasira ya kwako, mbona unampa yeye abebe?"

Mtu huyuhuyu, mwenye kukaa juu ya mnyama wa ukubwa ule kwenye barabara ya malori, alikuwa anaogopa bodaboda. Simsingizii. Kutoka shambani mpaka kwangu, kama hakupanda farasi, alitembea kwa miguu na nyonga yake mbovu. Vijana wa bodaboda walisimama kumpa lifti ya bure kwa heshima, akakataa kama wanamuuzia mali ya wizi. "Hiyo kitu haina akili," alisema. "Ikikosea inakosea yote." Akaendelea kuchechemea kwenye ukungu, buti zimeng'arishwa utadhani anakwenda gwaride, sweta lake la kijani limetoboka viwiko vyote viwili. Nilijitolea kulishona lile sweta. Akasema farasi hatazami viwiko.

Kanisani kwao, Walutheri, aliimba besi, na aliimba vizuri, ila hakuweza kuvumilia mtu mwingine kuongoza. Mwalimu wa kwaya akamhamishia mstari wa nyuma kabisa, na huko nyuma akawa anawaelekeza kwa viwiko waliokaa kulia na kushoto. Nilipata hadithi hii kwa mkewe, siku alipokuja kutoka Kilolo na gunia la viazi na kukaa dukani kwangu akingoja basi. Mama yule alikuwa mtaratibu, mwenye kucheka kwa mabega. Akaniambia, "Mwanangu, huyo farasi wake anangojwa mpaka apumue ndipo apandwe. Mimi kwenye ndoa hii yote hajawahi kunisubiri nimalize..."

"Si kweli!" Afande akadakia kutoka mlangoni. "Mi nakusubiri kila siku."

Tulicheka mpaka machozi, na yeye akabaki anatutazama, hajui tunacheka nini.

Lakini ile ya kumngoja farasi apumue ni kweli kabisa. Niliiona mara nyingi. Hakuwa anamwendea moja kwa moja. Alisimama hatua chache pembeni, mikono imeshuka, hatazami usoni, anatazama mbali kama mtu anayengoja basi. Farasi angeinua kichwa, angetega masikio, angehesabu dunia. Kisha zile mbavu zingeshuka na pumzi ndefu ingetoka puani. Hapo ndipo Afande alipomsogelea. Ikichukua dakika, ilichukua. Ikichukua muda wa mimi kushona soli nzima, basi.

Dawa yake kwa ugonjwa wa Ndugu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Aliigeuza dunia ya yule farasi juu chini. Nyumbani pakawa mahali pa kazi, na mbali pakawa mahali pa raha. Alimkataza mtu yeyote kumpokea kwa mahindi, akawaomba akina mama wa jikoni waviweke akiba vigelegele vyao kwa ajili ya harusi. Akimfikisha zizini hakushuka. Alimzungusha mizunguko uani, mbele, nyuma, simama, nenda, mpaka farasi achoke na pale nyumbani alipopakimbilia. Halafu akamgeuza wakatoka tena. Wakija mpaka Nyololo, mbele ya duka langu, hapo alishuka, akalegeza mkanda wa tumbo, akampa majani aliyokuwa nayo kwenye mfuko, na wote wawili wakapumzika. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa duka langu, ambalo ni chumba kimoja chenye bati linalovuja, lilikuwa peponi pa yule farasi.

Watu walijaa. Pale kwetu farasi si kitu cha kila siku, na mkubwa hivyo wengi hawajamwona hata kwenye televisheni. Bibi mmoja kutoka vijiji vya ndani alimzunguka kimya, akauliza kama anakamuliwa. Abiria walishuka kwenye mabasi kupiga naye picha, na Afande akawapigia kelele wote kwa usawa, Wakristo na Waislamu, wenye tai na wenye ndala. "Usisimame nyuma! Huko nyuma yeye hakuoni!" Kwa farasi alikuwa ananong'ona. Alibadilisha sauti katikati ya sentensi, na hakujua kwamba anabadilisha.

Katika muda wote huo mara moja tu nilidhani nitamwona akifa. Walikuwa wamegeuka kwenda nyumbani, na lori la mbao likafungua breki za upepo pembeni yao, ile pumzi kali inayomshtua hata mzoefu. Ndugu akaruka mbele. Nilisubiri Afande avute, kwa sababu mimi ningevuta kwa nguvu zangu zote na za ukoo wangu. Hakuvuta. Alifungua mkono mmoja upande, akakaa kitako kizito kwenye tandiko, akamwacha akimbie lakini kwa kuzunguka, katikati ya uwanja wanaoegesha malori. Madereva waliokuwa wanakunywa chai walitawanyika na vikombe vyao. Mduara ukawa mkubwa, ukawa mdogo, mbio zikawa mchakamchaka, mchakamchaka ukawa mwendo, farasi akasimama mwenyewe na kushusha kichwa. Afande akamsugua shingo. Kisha akawageukia madereva na kuwafokea kwa kumwaga chai mahali ambapo farasi anaweza kuteleza.

Mvua zikaanza kupungua, na shida ikawa ileile aliyoisema Meneja. Kwa Afande, Ndugu alikuwa farasi mwingine. Wakigeuka kurudi alikwenda hatamu zikining'inia. Lakini akipanda mwongozaji yeyote, wakigeuka tu shingo inakaza, na yule mtu anakaza, na wote wawili wanarudi palepale.

"Anakutii wewe tu," nikamwambia.

"Farasi anayenitii mimi peke yangu hajafundishwa," akajibu, na hakunifokea. "Amenizoea tu. Kuzoewa ni kitu kingine."

Aliyechaguliwa kumrithi alikuwa Tumaini, mwongozaji mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyetoka Iyunga, Mbeya, mwenye mikono mepesi na mdomo usiolala. Afande mwenyewe alimchagua, akasema ana kiuno kinachosikiliza. Kisha akaanza kumfundisha kwa ile sauti ya watu.

Nilisikia sehemu ya masomo hayo kwa sababu yalimalizikia mlangoni kwangu. "Achia! Achia! Umepata, unang'ang'ania nini sasa? We ni kupe?" Tumaini akashika hatamu kwa kumwogopa Afande, si farasi. Mkono ukakaza. Farasi akakaza. Afande akaongeza sauti. Siku moja Tumaini alishuka pale mbele ya duka, akamkabidhi hatamu, akasimama wima kama anayesalimia bendera.

"Afande, shikamoo yako naiheshimu. Lakini huyu unambembeleza, mimi unanifokea. Halafu unataka mimi nimbembeleze. Hayo mabembelezo mi nitayatoa wapi? Kesho siji."

Akapanda bodaboda, akaondoka.

Afande aliingia ndani akakaa kwenye benchi. Hakuomba chai. Mvua iliyobaki ilikuwa ya siku za kuhesabika, na nje yule farasi alikuwa anatafuna majani, hana habari kwamba uhai wake umepanda bodaboda ukaelekea Mafinga. Nilimwonea huruma Afande, nikamkasirikia pia. Nikamwambia akamwombe radhi. Akasema radhi anaijua, anaisema kila Jumapili, lakini akifungua mdomo mbele ya mtu inatoka amri.

"Basi usifungue," nikasema, na kusema kweli nilikuwa nimechoka naye tu, sikuwa natoa ushauri.

Yaliyofuata alinisimulia Tumaini. Aliamua kurudi asubuhi kuchukua koti lake la mvua aliloliacha, si zaidi ya hapo. Akamkuta Afande uani. Hakumwita, hakumfuata. Alisimama hatua chache pembeni, mikono imeshuka, anatazama mbali kwenye mashamba ya chai kama mtu anayengoja basi. Tumaini akamwamkia. Akaitika marahaba, basi, kimya. Tumaini akachukua koti. Kimya. Akasimama, maana hakuelewa. "Nikaona huyu mzee ananingoja," aliniambia. "Ananingoja nipumue! Nikataka nicheke, nikajikuta nimeshusha pumzi kweli." Ndipo Afande aliposema, kwa ile sauti ya chini ambayo hakuna binadamu aliyewahi kupewa, "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Naogopa hatutawahi."

Tumaini akavaa koti akapanda farasi.

Tangu siku hiyo Afande alijifunza kunyamaza, na kilikuwa kitu kibaya kukitazama. Alikuwa anauma ncha ya kofia yake. Tumaini akikosea, aliona. Akichelewa kuachia, aliona. Lakini alimwacha asikie mwenyewe kutoka kwenye shingo ya farasi. Mara nyingine alikuja kwangu jasho linamtoka kwa kunyamaza tu.

Siku ya mwisho ilipofika, Meneja aliweka sharti moja, nalo lilikuwa la haki. Afande asiwepo. Asionekane njiani, asionekane Nyololo. Meneja mwenyewe angefuata nyuma kwenye gari. Afande akakubali, na asubuhi na mapema nikafungua duka nikamkuta amesimama barazani kwangu, amekuja kwa miguu kabla ya kila mtu, ananiomba nimfiche.

Nilimweka ndani kabisa, nyuma ya cherehani, kwenye kona ninayoweka mabaki ya ngozi. Nilidhani harufu ile itamficha. Akakaa, magoti pamoja, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Walikuja saa nne hivi, ukungu umeshanyanyuka. Tumaini alishuka palepale alipozoea, akalegeza mkanda, akampa majani. Gari la Meneja likasimama ng'ambo. Mimi nilikaa mlangoni nimeshika kiatu cha mtu, nashona hewa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka farasi aliponyanyua kichwa na kuacha kutafuna.

Akageuza masikio yote mawili kwenye mlango wangu. Pua zikapanuka. Kisha akaita, si kwa kelele, ila ile sauti ya kooni, ya kunguruma kidogo, ambayo farasi humtolea mtu wake.

Nyuma yangu benchi likalia. Nikajua amenyanyuka. Sikugeuka, maana Meneja alikuwa ameshusha kioo anatutazama. Nikasema polepole, bila kutikisa midomo, "Afande, kaa." Akijibu tu, hata kwa kukohoa, yule mnyama angeingia dukani, akavunja meza yangu na bati langu, na Meneja angekuwa ameona alichokuja kukiona, kwamba huyu bado ni farasi wa mtu mmoja.

Farasi akaita tena, kwa nguvu zaidi, akapiga hatua kuja mlangoni. Tumaini alikuwa ameshika hatamu. Uso wake ulikuwa umeelewa. Hakumvuta. Aliomba kidogo, akangoja. Farasi akasimama, masikio bado kwangu. Tumaini akaachia. Akaomba tena. Ndani ya duka hakukuwa na sauti yoyote, hata ya mtu kupumua. Farasi alingoja pale, na mimi nikiwa katikati yao niliona aibu kama mtu anayesikiliza mazungumzo yasiyo yake. Kisha sikio moja likamgeukia Tumaini. Halafu la pili.

Tumaini akakaza mkanda, akapanda, akamgeuza uso kuelekea nyumbani.

Nilisimama barazani nikawatazama wakipanda ile njia ya vumbi jekundu. Lori moja lilipita, lingine likafuata. Gari la Meneja lilikwenda nyuma yao taratibu sana, kisha, kabla hawajafika kwenye kona, likawapita na kutangulia. Nikajua basi imekwisha, hakuna daktari atakayeitwa. Nikakaa chini kwenye kizingiti kwa furaha.

"Wamefika wapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Wanakaribia kona."

"Mwendo gani?"

"Wa kawaida tu, Afande. Hatamu zinaning'inia."

"Shingo?"

"Imeshuka. Meneja amewapita, ametangulia mbele. Hana wasiwasi tena."

Nje wauza viazi walikuwa wameanza kupiga makofi, wao nao walikuwa wanalijua lile sharti.

"Ndugu ametazama nyuma?"

Nilitamani kumdanganya, lakini nilimheshimu mno. "Hapana, Afande. Hajatazama."

Ndipo akatoka nyuma ya cherehani, vumbi la ngozi limemjaa sweta. Akasimama karibu yangu mlangoni, na njia ilikuwa tupu. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka, na hakufanya juhudi ya kuficha kimojawapo.

"Ndivyo nilivyomfundisha," akasema. Alikuwa ananiambia mimi kwa ile sauti ya chini. "Lakini nilitaka atazame, Fundi. Hata mara moja tu."

"Hata mimi, Afande," nikasema.